Angalizo la upepo siku tano: Jumatano nipulize salfa au niahirishe? Na mdogo wangu aingie baharini?

Salfa Kichwani (Jumatatu, saa 1:40 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Mimi niko Tandahimba, nalima korosho; mdogo wangu yuko Msimbati, pwani, anavua samaki. Shida mbili, upepo mmoja.

Taarifa ya leo ya TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) inaonesha kuanzia kesho hadi Alhamisi kuna angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, pwani yote ya Lindi na Mtwara. Ijumaa na Jumamosi hakuna angalizo.

Mikorosho yangu imeshatoa maua. Siku 14 tangu nipulize mara ya kwanza zinatimia Jumatano, na nimeshapanga mashine ya kupulizia kwa Jumatano na Alhamisi. Mwenye mashine anataka jibu usiku huu huu maana foleni yake ndefu, nikiiacha zamu nitaipata wiki ijayo. Ubwiri unga, huu ugonjwa wa ukungu mweupe tunaoupulizia salfa, haungoji wiki ijayo. Shamba la pili kutoka kwangu maua yameshapata ule weupe, utadhani mtu kapita na chekecheo la ngano.

Mdogo wangu naye kila baada ya saa moja anapiga simu: "Kaka, umeona nini kwenye simu?" Ana boti ya faiba na deni la mashine ya boti. Yeye simu yake ni ya tochi.

Naombeni ushauri wa watu wanaojua, siyo wa "Mungu atasaidia". Hilo nalijua.

Chinga Halisi (saa 1:44 usiku)

Siti ya mbele kabisa. Nina chai na muhogo wa kuchoma, endeleeni.

Mpingamizi (saa 1:58 usiku)

Mkiwasikiliza hao wa utabiri hamtakula. 2019 si walitutoa majumbani hapa Mtwara? Shule zikafungwa, watu wakabeba magodoro kuelekea juu, mchana kutwa tunasubiri kimbunga. Kimekuja? Kikaja kiupepo cha kupeperusha kanga. Dogo aende zake baharini.

Mwalimu wa Mawingu (saa 2:20 usiku)

Mpingamizi, hicho kimbunga kilikuja. Kinaitwa Kenneth, kilitua jioni ya tarehe 25 Aprili 2019 Cabo Delgado, Msumbiji, hapo ng'ambo ya Ruvuma. Waulize walio na ndugu Ibo na Macomia kama kilikuwa kiupepo cha kanga. Kimbunga kikikosea mlango wako kikaingia kwa jirani huwezi kusema hapakuwa na mwizi. Na Mei 2024 kilipotajwa kimbunga Hidaya wapo waliosema maneno haya haya yako, barabara ya Dar ikakatika kule Kilwa, tukakaa huku kama kisiwani.

Lakini vimbunga tuviweke pembeni, siyo msimu wake. Vyenyewe vinataka bahari ya moto, ndiyo maana husikii habari zake mwezi wa saba. Hiki anachouliza Salfa ni kusi la kipupwe, upepo wa msimu wa baridi utokao kusini, mnyama mwingine kabisa.

Kusi halianzii Mtwara. Mashariki ya Madagaska, mbali kule kusini, kuna mgandamizo mkubwa wa hewa wanaouita Mascarene. Hewa nzito, baridi, imelundikana pale, na huku kwetu kuelekea ikweta hewa ni nyepesi, basi inamwagika kuja huku. Dunia nayo inazunguka, kwa hiyo hewa haiji moja kwa moja, inapinda, ikitufikia inatoka kusini mashariki. Juni hadi Agosti mgandamizo huo ndiyo unakuwa na nguvu. Kila wimbi la baridi likipita Afrika Kusini, nyuma yake hewa nzito nyingine inajipenyeza kati ya Msumbiji na Madagaska na kutusukumia siku tatu, nne za kusi kali. Kisha linalegea. Kisha linarudi. Hicho ndicho kinachoonekana kwenye taarifa ya leo: msukumo mmoja, unaingia kesho, unatarajiwa kulegea Ijumaa.

Na soma vizuri maneno. "Unaofikia" kilomita 40 maana yake ndiyo kilele chake, si kwamba kutwa kucha unavuma hivyo. Na limeandikwa la pwani na baharini. Tandahimba hakuna bahari.

Fundi wa Newala (saa 2:41 usiku)

Salfa Kichwani, mimi napuliza kwa watu msimu wa kumi na moja huu, Newala na huko kwenu. Usifute zamu.

Salfa ya unga inataka vitu viwili kwa wakati mmoja, majani yawe na umande ili ishike, na hewa iwe imetulia ili ipande. Vyote viwili unavipata saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja na kitu. Ukiona vumbi linapanda wima, linafika juu ya mti halafu linatanda kwenye matawi taratibu kama moshi wa jiko la kuni, endelea. Ukiona linalala na kukimbilia shamba la jirani, zima mashine. Hapo unampulizia jirani bure.

Kwa hiyo upepo wa saa nane mchana haukuhusu, saa nane wewe umelala. Kipimo ni robo kilo kwa mti, usiongeze kwa hasira. Funga kitambaa puani na miwani machoni, salfa ikiingia jichoni utamkumbuka bibi yako aliyekufa.

Kama unatumia dawa ya maji ni habari nyingine, hiyo unasubiri umande ukauke kwanza.

Jirani wa Shamba (saa 2:44 usiku)

Mimi ndiye jirani. Naomba asizime.

Chinga Halisi (saa 2:45 usiku)

😂😂😂 Uzi umeshanoga na bado ni Jumatatu.

Mtoto wa Shangani (saa 3:05 usiku)

Nimefungua Windy hapa, ile app ya upepo (noti moja ni karibu kilomita 2 kwa saa). Msimbati, Alhamisi: saa kumi na mbili asubuhi noti 9, saa sita noti 17, saa tisa alasiri noti 21, saa mbili usiku noti 13. Jumatano karibu sawa na hiyo. Sasa noti 9 si shwari kabisa? Dogo atoke alfajiri, saa nne awe amerudi. Mbona rahisi.

Nahodha Mikindani (saa 3:37 usiku)

Assalaam alaykum nyote.

Mwanangu wa Shangani, simu yako haijasema uongo. Alfajiri ya kipupwe bahari hudanganya. Usiku bara hupoa, kukatoka upepo mwepesi wa nchi kavu ambao wazee wetu waliuita umande, nao hulizuia kusi kidogo karibu na ufuko. Ukisimama pwani saa kumi na moja utaona maji yamelala kama mkeka. Jua likipanda, bara likapata moto, kile kizuizi huondoka. Tena bahari huanza kuvutia upepo wake kuja bara, ukajumlika na kusi. Saa nne, saa tano, chombo kinapigwa.

Kwa hiyo kutoka si kazi. Mtu wa Msimbati akitoka atalipa kusi mgongo, ataelekea kaskazini anateleza, samaki wako mbele, anasogea kidogo, anasogea tena. Akigeuza pua, upepo uko usoni, wimbi liko usoni, na mafuta yameshapungua nusu. Mimi nimeendesha mashua na majahazi toka sina ndevu. Niliowazika wengi walikuwa wakirudi.

Ukisoma utabiri usitazame saa ya kutoka. Tazama saa ya kurudi, kisha ongeza saa mbili za ubishi wa samaki.

Mtoto wa Shangani (saa 3:40 usiku)

Shikamoo Mzee. Nimekaa.

Nahodha Mikindani (saa 3:49 usiku)

Marahaba.

Salfa Kichwani (saa 4:10 usiku)

Ahsanteni sana. Mashine nimeithibitisha Jumatano na Alhamisi. Mdogo wangu nimemsomea maneno ya Mzee neno kwa neno. Akanyamaza, akasema "sawa kaka". Ile "sawa" yake naijua.

Mpingamizi (Jumanne, saa 11:20 jioni)

Haya, taarifa mpya imetoka. Angalizo sasa limefika mpaka IJUMAA. Jana Alhamisi, leo Ijumaa, kesho mtaambiwa mpaka Sikukuu ya Idi. Kisha mnasema ni sayansi.

Mwalimu wa Mawingu (Jumanne, saa 12:05 jioni)

Ndiyo maana hutolewa upya kila siku, bwana. Msukumo ninaosema unatoka maelfu ya kilomita. Ukichelewa nusu siku kule kusini, Ijumaa yetu inabadilika sura. Siku ya kwanza ya taarifa ishike kwa mikono miwili, ya pili na ya tatu kwa mkono mmoja, ya tano ishike kwa kidole tu. Mtu aliyesoma Jumatatu akafunga simu mpaka Ijumaa hana taarifa ya siku tano, ana taarifa iliyochacha.

Na rangi nazo mzitazame. Hii ni njano, angalizo. Ikiwa ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Rangi hupangwa kwa kupima mambo mawili pamoja, uwezekano wa kutokea na ukubwa wa athari. Njano haisemi "usiende", inasema "jua unachofanya".

Nyie wa Windy: ule mchoro wa upepo unatokana na kompyuta iliyogawa dunia vipande vya mraba, na ule wa Ulaya unaotumika sana, kila kipande ni kama kilomita 9. Pima mwenyewe kutoka Shangani, hapa Mtwara mjini, kuvuka kwenda Msanga Mkuu ni kilomita ngapi. Ghuba yetu nzima inaweza kumezwa na kipande kimoja, ndani yake kuna pwani iliyojikinga na pwani inayokula upepo wa wazi, na kompyuta inazipa namba moja.

Mama Pweza (Jumanne, saa 1:15 usiku)

Hilo la mwisho Mwalimu umesema kweli tupu. Mimi niko Msanga Mkuu. Upande wa ndani unaotazama mjini watoto wanaogelea, ukivuka mashamba ya minazi kwenda upande wa nje mchanga unakupiga miguuni kama sindano. Kijiji kimoja, siku moja.

Sisi wa pweza wiki hii tumepumzika, maji bado mafu, hayatoki ya kutosha kufika mwambani. Tunangojea bamvua la mwezi mpevu, maji yanapotoka mbali, Ijumaa na Jumamosi. Ndiyo maana nafuatilia uzi.

Pande za Kitunda (Jumanne, saa 2:30 usiku)

Lindi hapa. Leo nimevuka kutoka mjini kwenda Kitunda saa tisa alasiri, maji yanatoka na kusi linaingia. Pale maji na upepo vilipokutana mawimbi yamesimama wima kama matuta ya viazi. Nimefika nimelowa mpaka simu. Asubuhi maji yakijaa nilivuka na kitabu mkononi. Sina la kuongeza.

Salfa Kichwani (Jumatano, saa 3:25 asubuhi)

Ripoti kutoka shamba. Saa kumi na moja ukungu, unyevu mpaka kwenye kope, majani hayatikisiki. Vumbi limepanda wima kama alivyosema Fundi. Tumepuliza mpaka saa moja na nusu, kijiupepo cha kwanza kikaja, tukazima. Imebaki kama theluthi ya shamba, kesho tunamaliza. Baridi lakini! Nilikuwa na sweta mbili na bado nilitetemeka, watu wa Dar wanaodhani Mtwara nzima ni joto waje Makonde Julai.

Saa hii upepo unavuma kweli, migomba inachanika. Lakini kazi imekwisha.

Mdogo wangu hakutoka leo. Anashona nyavu.

Salfa Kichwani (Alhamisi, saa 12:10 asubuhi)

Manyunyu. Tangu saa tisa usiku. Tumesimama chini ya mti na mashine, tunatazamana.

Fundi wa Newala (Alhamisi, saa 12:22 asubuhi)

Hata huku. Kusi likija limebeba unyevu wa bahari likakwea hii miinuko yetu, linaukamua. Usipulize kwenye majani yanayochuruzika, salfa itageuka uji. Yale ya jana usiwe na wasiwasi sana, nenda kayashike: kama yamelowa tu, salfa ipo. Kama maji yanadondoka mfululizo toka juu mpaka chini, hapo tuzungumze.

Salfa Kichwani (Alhamisi, saa 12:40 asubuhi)

Yamelowa tu. Alhamdulillah. Ila mwenye mashine anasema siku yake ni siku, nipulize nisipulize, nilipe. Nimelipa. Nimekasirika, lakini na yeye ana watoto.

Salfa Kichwani (Alhamisi, saa 8:15 mchana)

Wakuu. Shemeji yangu amepiga simu kutoka Msimbati. Mdogo wangu ametoka saa kumi na moja alfajiri na kijana mmoja. Alisema saa nne atakuwa amerudi. Simu yake haipatikani.

Nahodha Mikindani (saa 8:19 mchana)

Amevaa jaketi la kuokolea? Boti ina urefu gani, mafuta kabeba lita ngapi? Wajulishe watu wa BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuko na uvuvi, hapo Msimbati sasa hivi, wao wanazo namba za kupiga. Usingoje magharibi.

Salfa Kichwani (saa 8:26 mchana)

BMU wameshaambiwa. Jaketi zipo mbili kwenye boti. Mafuta sijui.

Nahodha Mikindani (saa 8:31 mchana)

Ikiwa mashine imekufa, kusi linampeleka kaskazini magharibi. Hilo ni jema, maana halimpeleki bahari kuu, linamsogeza Msanga Mkuu. Mama Pweza, upo?

Mama Pweza (saa 8:33 mchana)

Nipo Mzee. Natoka na vijana twende upande wa nje.

Mtoto wa Shangani (saa 9:50 alasiri)

Kuna habari yoyote?

Chinga Halisi (saa 10:35 jioni)

Natazama uzi kila dakika mbili. Muhogo umepoa.

Mama Pweza (saa 11:48 jioni)

Wako hapa. Wote wawili. Wameingia upande wa ndani, wamezunguka ncha wakipiga kasia moja na kipande cha ubao. Mashine ilimeza maji saa tano, walipokuwa wanageuza. Vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima. Nimewapa uji wa moto na kanga zangu kavu, wamejifunga kama wari. Jarife, wavu wao, wamelikata wakaliacha.

Salfa, piga simu yangu uongee naye. Usimgombeze leo.

Salfa Kichwani (saa 12:20 jioni)

Nimeongea naye. Alilia yeye, nikalia mimi. Mama Pweza, sina maneno dada yangu.

Mpingamizi (saa 12:45 jioni)

Tunashukuru Mungu wako salama. Nisamehewe kwa ile ya Jumatatu.

Nahodha Mikindani (saa 1:30 usiku)

Hakwenda kwa maneno yako, mwanangu. Alikwenda kwa deni. Hilo sote tumewahi kwenda nalo.

Huyo mdogo wako mwambieni alifanya jambo moja la maana sana, hakuiacha boti. Wengi huona pwani wakadhani karibu, wakaruka waogelee.

Salfa Kichwani (Ijumaa, saa 2:50 asubuhi)

Jambo la ajabu. Jana usiku mwenye mashine kanipigia mwenyewe. Watu wawili Tandahimba wamefuta zamu zao za leo kwa kusikia redioni kwamba angalizo limefika Ijumaa. Mashine ikawa wazi. Nikamwambia lete.

Alfajiri kavu, ukungu, hewa imesimama. Theluthi iliyobaki imekwisha saa moja kasoro robo. Na kwa kuwa ya jana nilishalipa, akasema nisimlipe mara mbili.

Jirani wa Shamba (Ijumaa, saa 3:10 asubuhi)

Mmoja wa waliofuta ni mimi. Nilisoma Ijumaa, sikusoma baharini.

Mwalimu wa Mawingu (Ijumaa, saa 12:15 jioni)

Taarifa ya leo: kesho hakuna angalizo. Jumatatu nalo linaonekana kurudi, lakini hiyo ni ya kushika kwa kidole.

Mama Pweza (Jumamosi, saa 6:05 mchana)

Bahari leo kama maziwa. Maji yalitoka mpaka mwambani, pweza wanne, mmoja mkubwa nimeshindwa kumbeba kwa mkono mmoja. Kijana wako, Salfa, alikuja kuchukua boti na fundi wa mashine. Nimempa pweza mmoja ampelekee mkewe.

Nahodha Mikindani (Jumamosi, saa 6:20 mchana)

Umerudi saa ngapi?

Mama Pweza (Jumamosi, saa 6:22 mchana)

Saa tano kasoro, Mzee. Maji yalipogeuka tu.